Leo Sina Karibu

Mama Pasi alilelewa na bibi yake mzaa mama, na bibi huyo alikuwa na sheria moja isiyokuwa na mjadala ndani ya nyumba yake. Mtu akibisha hodi, mtoto unaitikia karibu kwanza, halafu ndiyo unauliza ni nani. Kuanza kwa kuuliza kulikuwa utovu wa adabu, na utovu wa adabu ulilipwa kwa kofi la mgongoni, si kali sana, la kukumbusha tu.

Basi neno lile lilimkaa mwilini. Lilikuwa likimtoka lenyewe kama chafya. Awe anafua, awe anakula, awe amejilaza na kichwa kinamgonga, hodi ikisikika tu, karibu imeshatoka. Siku moja alikuwa akisikiliza mchezo wa redio, mtu wa kwenye mchezo akabisha hodi, naye akaitikia karibu huku akivuta stuli ya wageni. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, kisha akatazama huku na huku aone kama kuna aliyemwona. Hakukuwa na mtu. Binti yake alikwishaolewa mji mwingine, na mume alikwenda zake zamani, kwa maneno machache na begi moja.

Jina la Mama Pasi alipewa na kazi. Alikuwa akipiga pasi mashuka ya gesti moja iliyo karibu na stendi, na hakuna aliyeweza kukunja shuka kama yeye. Alikuwa akilikunja peke yake, bila mtu wa kumshikia upande wa pili, kidevu kikifanya kazi ya mkono wa tatu. Miaka mingi kazi hiyo ilimlisha na kumlipia chumba. Kisha gesti ikaleta mashine, dubwana jeupe linalofua na kukausha, na meneja akamwambia kwa upole kwamba sasa watamwita siku mbili tu kwa wiki, zile za wageni wengi. Upole ule ndio uliomuumiza. Angefokewa angejua la kujibu.

Siku zilizobaki alipiga pasi nguo za watu chumbani kwake: mashati ya walimu, sare za shule, gauni moja moja la harusi. Zilikuwa hela za chumvi na sabuni. Kodi ya chumba ikaanza kumpiga chenga. Mwezi wa kwanza alilipa nusu, wa pili akaomba msamaha, wa tatu akaacha kuomba, maana hata kuomba kunahitaji sura ya kwenda nayo.

Chumba chenyewe kilikuwa cha pili kutoka getini, katika safu ya vyumba vinavyotazamana, uwanja wa saruji katikati na bomba moja la maji la wote. Ndani kulikuwa na kitanda, meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, feni, kabati lililofungwa kwa kipande cha waya, na ile stuli ya wageni. Dirisha lilitazama uwanja. Mama Pasi alikuwa mtu wa kuangalia. Nyuma ya pazia lake aliwajua wapangaji wote kwa mwendo wao, nani anaburuta ndala, nani anakanyaga kama anayeionea ardhi huruma.

Mwendo mmoja ulikuja na sauti yake. Huyo alikuwa msimamizi wa nyumba, mtu mnene wa wastani, mwenye mkungu wa funguo kiunoni, funguo nyingi kuliko milango yote ya mtaa ule. Watu walimwita Funguo, hata mbele yake, naye aliitika. Mwenye nyumba mwenyewe hakuwahi kuonekana. Ilisemekana ni mzee, ana presha, anakaa kwa mwanawe.

Alasiri moja zile funguo zikalia uwanjani na kunyamaza mbele ya mlango wake.

"Hodi humu ndani."

"Karibu," akasema Mama Pasi, pasi ingali mkononi.

Funguo akaingia, akaikalia stuli, akaanza kutazama vitu kama mtu aliyeingia dukani na hana haraka ya kununua.

"Hiyo feni inafanya kazi?"

"Inafanya, ila inapiga kelele."

"Kelele si kitu. Na hiyo pasi ni ya mvuke?"

"Ya mvuke. Nilinunuliwa na binti yangu."

"Una binti mzuri," akasema Funguo. "Mwambie basi akununulie na kodi." Akacheka, akainuka, akaligusa kabati kwa ncha ya kidole. "Mwisho wa mwezi, mama. Nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja peke yangu."

Mwisho wa mwezi hakuja peke yake. Alikuja na wapagazi wawili kutoka sokoni, vijana wa kubeba magunia, mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu, mwingine mfupi asiye na la kusema. Mama Pasi aliwaona tangu getini. Alikuwa na nafasi ya kusukuma komeo, na mkono wake ulikwishaanza safari.

"Hodi."

"Karibuni," akasema.

Baadaye neno hilo lilimnyima usingizi siku nyingi. Hata ile *ni* ya mwisho aliiongeza mwenyewe, kwa kuwa walikuwa wengi na adabu inataka hivyo.

Walichukua meza ya kupigia pasi, feni, na pasi yenyewe. Funguo alisema ni rehani, si wizi, na kwamba akilipa vyote vitarudi. Kijana mwenye kofia alikung'uta miguu mlangoni kabla ya kuingia, na alipokuwa akiitoa meza alisema, "Samahani, mama." Funguo alipofika mlangoni aligeuka.

"Mwezi ujao tunabeba na wewe. Ni bora ufunge virago mapema, usituchoshe."

Uwanja mzima mapazia yalikuwa yakitikisika bila upepo. Jirani wa mlango wa bluu, Mama Mapacha, aliyekuwa amezoea kumwita "shoga" na kumletea sare za wanawe wawili kila Jumapili, alikuwa bombani na ndoo. Aliinamisha kichwa akaitazama ndoo ile mpaka ikajaa, ikafurika, maji yakamlowesha miguu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja. Mama Pasi hakuwalaumu. Aliona mwenyewe jinsi watu wanavyompita mtu mwenye deni, wakiharakisha kidogo, kama ni homa inayorukia. Naye alisaidia kuwafukuza. Alianza kuteka maji wakati bomba halina mtu. Alijifunza kukohoa ndani ya mto. Sare za mapacha hazikuja Jumapili ile wala iliyofuata, na hata zingekuja angezipiga pasi kwa nini, kwa kiganja?

Binti alipiga simu kama kawaida yake.

"Mama, habari za huko?"

"Nzuri. Wajukuu wangu?"

"Wazima. Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Ipo vipi?"

"Kama mtu aliyeko pangoni."

Mama Pasi akatazama pale ilipokuwa meza. Vyumba vikiondolewa vitu huanza kujibu kwa mwangwi. "Nimepanga vitu upya," akasema. "Kumekuwa na nafasi."

"Na pasi haijakusumbua?"

"Hainisumbui hata kidogo."

Hapo hakusema uongo. Aliaga haraka kabla hajaulizwa linalofuata. Binti alikuwa na watoto watatu na mume asiye na kazi ya kudumu. Kumwambia kungekuwa kumkabidhi mzigo asio na pa kuutua.

Ilikuwa ni redio tena iliyomwonyesha pa kwenda. Siku yake ya gesti, akipiga pasi foronya kule nyuma, alimsikia mwanamke akizungumza kwenye redio ya mapokezi kuhusu wapangaji. Alisema mtu anayedaiwa kodi asikimbie na asijifiche, aende akaulize, na akataja ofisi ya msaada wa sheria iliyoko nyuma ya posta, Jumanne, bila malipo. Mama Pasi hakuamini sana hilo la bila malipo. Lakini Jumanne alivaa gauni lake la heshima, lenye mikunjo kwa kukosa pasi, jambo lililomtia aibu kuliko deni lenyewe, akaenda.

Akakuta benchi refu, watu wamekaa wakitazama magoti yao. Zamu yake ilipofika akaingizwa kwa dada mmoja mdogo kwa umri kuliko binti yake, mwenye mafua, leso imefumbatwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mafua."

"Asante. Nieleze, nini kimekupata?"

Akaeleza yote bila kujipendelea. Alianza na mashine ya gesti, akamaliza na ndoo iliyofurika. Yule dada alimsikiliza huku akiandika, mara akaacha.

"Hapo waliposomba vitu. Waliingiaje? Walivunja mlango?"

"Hapana. Walibisha hodi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema karibuni. Ningesema nini tena?"

Dada wa sheria akaiweka kalamu chini. Alitaka kucheka, akapenga kamasi badala yake. "Mama yangu, hilo neno ndilo alilokuwa akilitafuta. Mtu huyu anajua vizuri. Nikimpigia simu sasa hivi ataniambia, mama alitukaribisha, tukakubaliana, akatupa vitu kwa hiari yake."

"Hiari gani? Nilikuwa natetemeka."

"Kutetemeka hakuna aliyekusikia. Karibu imesikika uwanja mzima."

Mama Pasi akaitazama ile kalamu. Alijiona amesimama pale mlangoni, mtu mzima na mvi zake, akiwafungulia wezi kwa adabu za bibi yake.

Yule dada akamweleza polepole, akirudia pale alipoona amepotea. Deni ni deni, halifutiki, na asithubutu kusema hadaiwi. Lakini kudaiwa ni jambo moja na kutolewa ni jambo jingine. Mwenye nyumba akitaka atoke, aende mahakamani. Mahakama itamwita na yeye Mama Pasi, naye aende, hata kama gauni lina mikunjo, akaseme hali yake na kiasi anachoweza kulipa. Ni amri ya mahakama tu, iliyoletwa na mtu wa mahakama, inayoweza kumtoa. Msimamizi hana ruhusa ya kutia kufuli, wala kukata maji, wala kubeba vitu vya mtu kama rehani.

"Usimpe ufunguo. Usiweke sahihi kwenye kitu usichokielewa. Ukipata hela kidogo, lipa hiyo kidogo na udai risiti. Na akibisha hodi," akasema yule dada, akimtazama machoni, "usimkaribishe."

"Sasa niitikie nini?"

"Uliza, nani? Halafu ongea naye dirishani."

"Dirishani, kama mgonjwa wa kuambukiza?"

"Kama mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni yule mzee."

"Mzee ana nyumba. Chumba ni chako mpaka mahakama iseme vingine."

Maneno hayo Mama Pasi aliyabeba njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Alipofika kwake, akafunga mlango, akasukuma komeo, akakaa kitandani na kuanza kujifundisha.

"Nani?" akasema, akiutazama mlango.

Lilikuwa neno baya mdomoni. Lilikuwa na meno. Alijaribu kulilainisha, likawa kama la mtu anayeomba. Akajaribu tena na tena, na kila alipolisema alihisi mgongo wake ukisubiri kofi.

Zilifuata siku ambazo hakutaka hata kuzikumbuka. Kila aliporudi kutoka gesti alikuta mkono wake ukitangulia kupapasa mlango, kama kuna kufuli la pili. Alipokuwa ndani alikaa bila redio, ili asikie. Watu walisema maneno huko nje, watoto walicheka, mtu aligombana na simu yake, na yote yalimfikia kama yanayotoka ng'ambo ya mto. Ilitokea akapitisha siku nzima bila kutamka neno kwa mtu, ila lile moja la kujifundisha.

Alasiri moja ilinyesha mvua kubwa, mabati yakapiga kelele, na katikati ya kelele zile mtu akabisha hodi.

Ilikuwa sauti ndogo. Mama Pasi akasimama wima. Mvua ilikuwa imeufunika mwendo, hakuweza kujua ni nani, na dirishani hakuonekana mtu, maana aliyebisha alikuwa ameubana ukuta akikwepa maji. Karibu ilimpanda mpaka kwenye meno. Akafumba mdomo. Akataka kuuliza nani, na nani nayo ikagoma. Vipi kama ni Funguo kamtuma mtu mwenye sauti laini?

"Hodi," ikasema tena sauti, ndogo kuliko mwanzo.

Alisimama pale na mkono mdomoni, hadi akahisi kwamba hakuna mtu tena. Mvua ilipokatika akachungulia. Kwenye saruji, chini ya ukingo wa paa ambako hapakulowa sana, kulikuwa na alama za ndala zenye maji, ndogo, kisigino kimoja kimelika upande. Zilikuja mpaka mlangoni kwake, kisha zikageuka kuelekea mlango wa bluu.

Alikaa kitandani mpaka chumba kikawa giza na hakuwasha taa.

Mwisho wa mwezi Funguo akaja. Jua lilikuwa bado kali, watu wamerudi kutoka kazini, wengine wamekaa vizingitini mwao. Alikuwa na wapagazi walewale. Walikuja na mkokoteni, wakauacha getini, mdomo wake ukitazama ndani. Mama Pasi alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, na komeo lilikuwa mahali pake.

"Hodi, Mama Pasi."

Neno likaja. Alilihisi likiinuka tumboni kama maji ya moto. Akakaza taya.

"Hodi, jamani. Mna watu humu?"

"Nani?" akasema.

Uwanjani mtu aliyekuwa akifua aliacha mikono yake ndani ya povu.

"Nani?" Funguo akacheka. "Leo hunijui? Miaka yote hii?"

"Nakujua. Njoo dirishani."

"Dirishani nikafanye nini, nikate tiketi? Fungua mlango, tuzungumze kistaarabu. Nipe karibu yangu."

"Leo sina karibu."

Mtu akacheka upande wa pili, akajikohoza haraka. Funguo akasogea dirishani, uso wake ukajaa kati ya nondo.

"Kumbe umekuwa mwanasheria siku hizi. Nani anakupotosha?"

"Hakuna anayenipotosha. Nadaiwa, sikatai. Hii hapa sehemu ya hela, niandikie risiti." Akainua mkono wenye noti zilizokunjwa vizuri, kona kwa kona, kama mashuka. "Ukitaka nitoke, lete karatasi ya mahakama."

"Mahakama kwa chumba cha kuku kama hiki? Watakucheka."

"Wakicheka nitacheka nao. Nina muda mrefu sijacheka na mtu."

Hilo hakulipanga. Lilimtoka tu, na alipolisikia uwanjani likamshtua, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Funguo akaachana na dirisha. Funguo zake zikalia. Akachagua mmoja, akautia kitasani, akauzungusha. Mlango ukasogea kidogo ukakutana na komeo. Akawageukia wapagazi.

"Pigeni bega. Komeo lenyewe la bati."

Yule mfupi akapiga hatua. Mwenye kofia ya sufu hakutikisika.

"Bosi," akasema, "mama hajakaribisha."

"Kwa hiyo?"

"Mara ile alisema karibuni, nikaingia. Leo hajasema."

"Nakulipa ubebe vitu au nakulipa uhesabu salamu?"

"Nibebe nini, mlango umefungwa?" Kijana alisema kwa utulivu, kama anayeeleza bei ya kubeba gunia. "Mimi siwezi kuingia kwa mama wa watu bila kukaribishwa. Kwetu hata mbwa wetu hakuwa akiingia hivyo."

"Basi nenda kwenu kwa mbwa."

"Naenda. Ila mkokoteni ni wangu."

Mtu akacheka tena, safari hii hakujikohoza. Yule mfupi alimtazama mwenzake, akamtazama Funguo, akaufuata mkokoteni. Funguo akabaki peke yake mbele ya mlango na mkungu wake wote. Aliupiga mlango kofi mara moja, akasema watajuana. Alipofika dirishani alisita, akazichukua zile noti kwa kuzinyakua.

"Risiti," akasema Mama Pasi.

Funguo akaiandika akiwa amesimama, kwa hasira, akaipitisha kati ya nondo.

Mlango ulipokuwa salama, Mama Pasi aliuegemea kwa mgongo akateleza taratibu mpaka sakafuni. Alisubiri. Alidhani pengine sasa mtu mmoja atakuja, hata kwa umbea tu. Alisikia nje wakianza kuzungumza, kwanza chini chini, halafu kwa sauti, wakimwigiza Funguo na kijana wa mkokoteni. Walicheka sana. Kisha milango ikafungwa mmoja mmoja, na mlangoni kwake hakuna aliyefika.

Jumanne iliyofuata, kule nyuma ya posta, dada wa sheria alimpigia simu mwenye nyumba mwenyewe, sauti ikasikika mezani. Ilikuwa sauti ya mzee aliyechoka.

"Kamchukulia nini?"

"Pasi, meza na feni, mzee."

"Huyo si ndiye mpiga pasi?"

"Ndiye."

Mzee akavuta pumzi. "Mtu unamchukulia pasi halafu unamwambia lete hela. Ataitoa wapi, kwenye pua?" Hakuwa mwema wala mbaya. Alitaka kodi yake tu, na alisema hivyo. Wakakubaliana kwamba Mama Pasi atalipa kodi ya kila mwezi na kijisehemu cha deni juu yake, na ikiwa atashindwa, mzee ataenda mahakamani kwa njia ya haki. Dada wa sheria akayaandika, akamsomea neno kwa neno kabla hajaweka sahihi.

Vitu vikarudi. Hakuona vikiletwa. Alivikuta mlangoni siku ya gesti, meza imeinuliwa miguu juu, pasi na feni vimewekwa tumboni mwake kama watoto. Aliyevileta hakubisha hodi, au alibisha na hapakuwa na mtu.

Aliichomeka pasi, akalowesha kidole, akaugusa uso wake wa chuma. Ikalia *tss*. Akaifuta kwa kitambaa, akatoka, akauvuka uwanja mpaka mlango wa bluu. Njiani alikuwa akijipangia maneno. Angesema, shoga, lete zile sare, nimerudishiwa. Angesema, ile siku ya mvua sikuwa nimelala.

"Hodi," akasema.

Ndani kulikuwa na sauti za sahani. Zikakoma.

"Hodi, jirani."

Kisha, kwa sauti kavu ambayo hakuwahi kuisikia kwa Mama Mapacha:

"Nani?"

Mama Pasi akasimama pale. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo katika uwanja ule. Alijikuta hajui ajitambulishe vipi, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwake.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Pasi."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka upana wa uso, na uso wa jirani ukajaa hapo, macho yametangulia kutazama getini kabla ya kumtazama yeye.

"Nilidhani ni Funguo," akanong'ona Mama Mapacha. "Juzi kaja hapa. Na mimi nadaiwa, shoga. Tangu kabla yako."

"Hukuniambia."

"Nilikuja. Siku ya mvua."

"Najua," akasema Mama Pasi. "Niliziona ndala zako."

Wakatazamana. Nyuma ya jirani chumba kilikuwa na giza, pazia limefungwa, na mapacha wamekaa kimya kitandani, mikono magotini, kama waliofundishwa kutokuwepo.

"Yule dada wa sheria," akauliza Mama Mapacha, "anakaa siku gani?"

"Jumanne. Nyuma ya posta. Wahi mapema, benchi hujaa."

"Atanifokea?"

"Hafoki. Ana mafua tu." Akafikiri kidogo. "Usiseme hudaiwi. Na ufunguo usimpe mtu."

Jirani akaitikia kwa kichwa. Akarudi ndani, akatoka na sare mbili zilizokunjwa, akazipitisha kwenye ule upenyo. Midomo yake ilijikunja ikitaka kusema neno, na Mama Pasi alilijua neno lenyewe, akalingoja. Funguo za mtu zikalia mahali fulani barabarani, labda ni za baiskeli, labda si kitu. Mlango ukarudi. Komeo likasukumwa.

Akauvuka uwanja peke yake na sare mkononi. Chumbani alitandika blanketi, akaweka shati la kwanza, akaanza na kola kama ilivyo kawaida. Alipomaliza mikono yote miwili aliinua macho akautazama mlango wake. Alikuwa ameufunga bila kujua.

Akaenda, akavuta komeo, akauacha wazi upana wa kiganja, si zaidi. Akaisogeza stuli ya wageni karibu. Kisha akarudi kwenye pasi, akapiga shati la pili, akisikiliza.